Zote Zimehama?

Kila siku akitoka shule, Shamimu alibadili sare, akala, kisha akaenda kupanguza vumbi kwenye studio ya mjomba wake. Neno "studio" liliwachekesha majirani pale Nachingwea, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa stoo ya korosho. Msimu ulipofika, magunia yalijaa hadi karibu na dari, na hapo ndipo mjomba Hassani alipopata kazi nyingi za kurekodi. Magunia yalimeza mwangwi, sauti ikatoka safi hata kama msomaji ana mafua. Yakishapelekwa ghalani, chumba kilivuma kama pipa tupu, na mjomba alibaki kusafisha tu alichokwisha kurekodi, akiondoa kelele na makosa ya msomaji.

Msimu uliopita alirekodi kazi aliyoipenda kuliko zote. Mwalimu Klementina, anayefundisha shule moja ya msingi Ruangwa, alikuja kila Jumamosi kusoma masomo kwa sauti kwa ajili ya mwanafunzi wake Dastani. Dastani haoni. Alikuwa darasa la saba, na vitabu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole, havikumtosha. Maarifa ya Jamii alikwisha kupelekewa, akayasikiliza mpaka yakamkaa kichwani. Sayansi ilikuwa bado ndani ya kompyuta ya mjomba ikisubiri kusafishwa, na mtihani wa taifa ulikuwa mwezi ujao. Kuisoma upya haikuwezekana. Mwalimu alikuwa amepasuliwa koo, na daktari alimkataza kuzungumza kwa muda mrefu.

Tatizo likawa kompyuta. Mfumo endeshi wake ulikuwa wa zamani, na kila ilipowashwa ilileta onyo kwamba mfumo huo hautunzwi tena. Programu ya kusafishia sauti nayo iliganda katikati ya kazi. Mjomba akamwita Bakary, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi.

"Kaka Hassani, mashine hii imechoka," Bakary alisema. "Tufute kila kitu, tupige windo mpya, yaani mfumo endeshi mpya. Utaona itakavyokimbia."

"Na hiki kidude?" Mjomba aligusa kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. "Cha siku nyingi hiki. Windo mpya ikikikataa je?"

"Hapo siwezi kukuapia. Lakini ukiiacha hivi, kuna siku itazima jumla."

Wiki nzima mjomba alizunguka na jambo hilo. Akibadili, huenda maiki isisikike tena. Asipobadili, huenda kompyuta ikafa na Sayansi ya watu tumboni. Mwishowe akaamua Bakary aje Jumamosi, lakini kwanza kila kitu kinakiliwe kwenye diski ya nje. Kazi hiyo akampa Shamimu, ambaye alikwisha kuifanya mara nyingi.

Ijumaa Shamimu akaanza. Mstari wa kijani ulitambaa polepole kwenye kioo, na kabla haujafika mwisho umeme ukakatika. Uliporudi, rafiki yake Raudha alikuwa amesimama mlangoni na mpira wa netiboli, akisema timu imeshapangwa. Shamimu aliitazama kompyuta, akautazama mpira, akachomoa diski. Alijiambia atamalizia akirudi. Aliporudi alisahau, au tuseme alijisahaulisha.

Wakati wa chakula mjomba akamuuliza, "Zote zimehama?"

"Zote, mjomba."

Neno lilikuwa dogo, likamtoka kabla hajalifikiria. Baada ya hapo ugali ulimshinda. Akapanga kuwahi asubuhi amalizie kimyakimya, lakini asubuhi mama yake alimtuma sokoni, na aliporudi alikuta pikipiki ya Bakary nje ya nyumba.

Bakary alikuwa amekwisha kuchomeka flashi. "Vitu vyote vipo kwenye diski?" aliuliza.

"Shamimu amenakili," mjomba akajibu. "Huyu namwamini."

Shamimu alisogea karibu na meza. Alifungua mdomo, na wakati huohuo simu ya mjomba ikaita. Alikuwa Dastani, akitumia simu ya mama yake. Mjomba akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Shikamoo, mjomba Hassani."

"Marahaba, baba. Masomo vipi?"

"Naendelea. Ila Sayansi ndiyo naisubiri. Mwalimu anajitahidi kunisomea, lakini sauti inamwishia njiani. Nimemwambia apumzike, nitasikiliza ile mliyorekodi nyinyi."

"Utaipata, mwanangu. Nitaituma na basi."

Simu ikakatika. Kwenye kioo kulikuwa na swali moja tu, kama vitu vyote vifutwe.

"Nikibonyeza hapa hakuna kurudi nyuma," Bakary alisema. "Nibonyeze?"

"Bonyeza."

Shamimu aliona aibu ya kumvunjia mjomba heshima mbele ya fundi. Labda Sayansi iliwahi kuhama kabla umeme haujakatika. Labda ilihama yote. Kidole cha Bakary kilikuwa kinashuka.

"Kaka Bakary, usibonyeze."

Wote wawili wakageuka.

"Sikumaliza," Shamimu alisema, machozi yakimtoka. "Umeme ulikatika, nikaenda kucheza. Jana nilikudanganya, mjomba."

Mjomba hakufoka, na hilo lilimuumiza Shamimu zaidi. Bakary alitoka kwenye ule ukurasa, akawasha kompyuta upya, akafungua diski. Folda ya Sayansi ilikuwepo, jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Ndani hamkuwa na kitu.

"Nilikuwa nabonyeza," Bakary alisema, akijifuta jasho.

Mjomba akaketi kwenye stuli. "Na mimi ningekuruhusu. Nilipokea diski, nikaiweka kabatini bila kuifungua." Akaitazama kompyuta. "Windo mpya haipigwi leo. Siku zote hizi najiuliza kama mashine itakubali, sikujiuliza kama kazi iliyo ndani imekwisha. Dastani akimaliza mtihani, tutabadili."

Shamimu akapewa adhabu yake. Netiboli ikasimama. Alinakili upya, kisha akavaa hedifoni na kusikiliza kila somo mwanzo hadi mwisho. Mjomba alisafisha taratibu, akihifadhi kila baada ya hatua ndogo, na kompyuta ilipoganda waliiwasha tena bila kupoteza kitu. Sayansi ikaondoka na basi la Ruangwa ndani ya kadi ndogo.

Siku mtihani ulipokwisha, Dastani alipiga simu akicheka. Alisema kwenye swali la umeme alimsikia Mwalimu Klementina kabisa, mpaka kurasa alivyokuwa akizifunua.

Mjomba alipokata simu, alimwita Shamimu. "Mwanangu, kompyuta ikiharibika namwita Bakary. Neno lako likiharibika, sina fundi wa kumwita. Ijumaa ile uliniumiza. Jumamosi ulisema kweli mbele ya mgeni, nayo ilikuwa ngumu, ndiyo maana Dastani amefanya mtihani wake. Kazi ikiwa nusu, niambie ni nusu. Nitakasirika kidogo, lakini tutaimaliza."

Kabla magunia ya msimu mpya hayajaanza kuingia, Bakary alirudi na flashi yake. Mjomba akachungulia stoo.

"Zote zimehama?"

Shamimu, hedifoni masikioni, aliinua mkono. "Bado, mjomba. Imebaki moja. Nikiisikia mpaka mwisho nitakwambia."

Mjomba akamvutia Bakary stuli, akamwambia chai ipo, asubiri.