Unga wa Chini ya Debe

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani hana asubuhi ya kuchezea. Kabla wateja hawajaanza kugonga mlango kuulizia nguo zao, ilibidi wanawe pacha wawe wameshakunywa uji na kwenda shule. Kwa hiyo mmoja wao aliposema, "Mama, uji mchungu," alijibu bila hata kugeuka.

"Kunywa. Uchungu huo ni wa kutotaka shule."

"Ni mchungu kweli, mama," akasema wa pili.

Pacha hawa walikuwa hawakubaliani hata juu ya nani alizaliwa kwanza. Walipokubaliana, kulikuwa na jambo. Mama Pacha akachukua kikombe, akaonja, akatema dirishani. Uji ulikuwa mchungu, tena ulinuka kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka.

Damu ikamchemka. Wiki iliyopita watoto wote wawili walikuwa wameumwa na matumbo, na yeye akawagombeza kwa kula ovyo njiani. Kumbe ni unga! Na unga wenyewe aliununua jana tu.

"Jana!" alifoka. "Unga wa jana unanuka hivi?"

Mama mkwe wake, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Naye hakumwaga maji kwenye moto ule. Alimwaga mafuta.

"Si nilikwambia? Yule muuza duka siku hizi tamaa imemwingia. Anachanganya."

Mama Pacha hakusubiri la pili. Alichota unga ndani ya debe, akaujaza kwenye bakuli, akatoka nao na kanga yake mabegani, viatu vya kushoto na kulia vikiwa havifanani.

Muuza duka wa mtaa aliitwa Mizani. Jina hilo alipewa na watu wenyewe, kwa sababu mizani yake haikuwahi kumpunja mtu. Asubuhi hiyo wanunuzi walikuwa wamejaa mbele ya kaunta. Mama Pacha akawapita wote, akaumwaga ule unga juu ya sahani ya mizani, vumbi likamrukia mwenye duka usoni.

"Nusa! Nusa mwenyewe! Unawalisha watoto wangu sumu!"

Mizani alinusa. Uso ukambadilika. "Shemeji, unga huu haukutoka kwangu hivi. Gunia ni lile pale, limefunguliwa jana. Njoo uonje."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nasema unga huu..."

"Unaniita mwongo mbele za watu, na wanangu wanaumwa!"

Ulimi hauna mfupa. Mama Pacha alisema mengine mengi pale, na mengine hayafai kuandikwa. Mwanamke mmoja akarudisha mfuko wake kaunta. Mwingine akamfuata. Hadi jua linazama, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Mizani anauza unga wenye sumu. Siku zilizofuata alikaa peke yake nyuma ya kaunta, akipangusa rafu ambazo hazikuwa na vumbi.

Mama Pacha akaanza kununua unga kwenye duka la mbali, upande wa pili wa barabara kuu. Alijiona mshindi. Siku chache tu baadaye, asubuhi, pacha wakasukuma vikombe vyao mbele.

"Mchungu tena, mama."

Alikuwa bado anafoka jirani yake alipoingia kuchukua koti lake la kazi lililokuwa likishonwa mfuko. Jirani huyu alikuwa mtunza stoo katika shule ya bweni, na watu walimwita Mama Stoo. Yeye hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Unamfokea nani?"

"Wenye maduka! Wote wezi! Nimehama duka, na huyu naye ananiuzia unga mbovu."

Mama Stoo akachukua kikombe, akanusa. "Harufu ndiyo ile ile ya kwanza?"

"Ile ile."

"Maduka mawili, magunia mawili, harufu moja. Mama Pacha, hebu tumia akili uliyopewa. Unga unauweka wapi?"

Debe lilikuwa jikoni, chini sakafuni, kati ya jiko na ukuta wenye unyevu. Lilikuwa debe la bati, kubwa, lenye kifuniko cha mbao kilichopinda. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha kuchotea. Mama Stoo alikishika, akakitazama kwa ndani, akakirudisha kwa hasira.

"Kikombe kibichi! Na mvuke wa sufuria wote unaingia humu. Debe hili mmeliosha lini?"

Mama Pacha akamtazama Bibi. Bibi akaacha maharage yake, akasimama.

"Debe hilo halioshwi. Tangu ile njaa ipite, halijawahi kuonekana chini yake. Unga ukipungua, tunaongeza. Ndivyo nilivyowafundisha wote."

"Mnamwaga mpya juu ya wa zamani?"

"Ndiyo."

"Halafu mnachota wa juu?"

"Sasa utachota wa chini kwa miujiza gani?"

Mama Stoo akapumua kwa nguvu. "Bibi, kwa hiyo unga wa chini humo haujawahi kutoka, na uvundo wake unapanda hadi kwenye mpya. Mama Pacha, tandika turubai uani. Tunalimwaga."

"Hakuna atakayelimwaga!" Bibi alisimama mbele ya debe, mikono kiunoni. "Nyinyi mmezaliwa kwenye shibe. Mimi nimekwangua debe hili kwa kijiko. Niliisikia sauti ya kijiko kwenye bati tupu, na watoto wananiangalia. Mmoja wao hakuuona mwaka uliofuata. Nikaapa sitaisikia tena sauti ile. Akiba haiozi!"

Mama Pacha alikuwa hajawahi kuambiwa habari za mtoto huyo.

"Pole, bibi," akasema Mama Stoo, na safari hii hakufoka. "Lakini inaoza. Ukiiweka vibaya, akiba inaoza."

Mama Pacha ndiye aliyelibeba lile debe. Alipita pembeni ya mama mkwe wake, akalipindua uani. Unga wa juu ukamwagika, mweupe. Wa katikati ukafuata, umekuwa wa kijivu, na ndani yake vidudu vikikimbia huku na huku. Kisha hakikutoka kitu. Akaligonga debe kwa mchi. Kikaanguka kipande kizima, kigumu kama saruji, cha kijani na cheusi, kimefungwa na utando. Kuku wa jirani aliyekuja mbio akakinusa, akaondoka zake.

Bibi aliinama, akakigusa kwa ncha ya kidole. "Wa juu si tunaweza kuuchekecha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," akasema Mama Stoo. "Vidudu peke yake si hoja kubwa. Mchele ukiingia vidudu na hauna kuvu, unauanika, unaupepeta, unapika. Lakini kuvu ni kitu kingine. Kuvu ina sumu, na sumu yake haifi kwa kupikwa wala kwa kuchekechwa. Mara nyingi huioni kwa macho. Unga ukinuka uvundo au ukiwa mchungu, tupa wote. Usimpe hata kuku."

"Kwa hiyo nimewalisha wajukuu zangu..."

"Na mimi," alidakia Mama Pacha, na sauti yake ilipanda, "na mimi nimekwenda kumpaka matope mtu wa watu! Mizani wa watu! Nimemwaga unga wetu mbovu kwenye mizani yake! Kwa nini hukuniambia, mama? Kwa nini ulisema anachanganya?"

"Nilijuaje mimi?"

"Kama hukujua, ungenyamaza!"

"Gombaneni baadaye," Mama Stoo alikata. "Kwanza jiko."

Akawaonyesha kazi, na kazi yenyewe haikuwa ngumu. Watafute ndoo mbili zenye vifuniko vinavyobana. Ziwekwe juu ya mbao, mbali na jiko, zisiguse ukuta. Kikombe cha kuchotea kiwe kikavu, na kikae nje ya ndoo.

"Shuleni tuna sheria moja: kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Wa ndoo hii mnakula mpaka uishe kabisa. Ndoo ikiisha, mnaiosha, mnaianika juani mpaka ikauke hata kwenye pembe, ndipo mnatia mpya. Wakati huo mnakula wa ndoo ya pili. Na unga msiulimbikize. Nunueni wa kutosha kula hadi siku ya kununua tena. Maharage makavu na mchele ndivyo vinavyovumilia kukaa, kama ni vikavu na vimefunikwa. Hayo mafuta ya kupikia pale dirishani nayo yaondoeni, jua linayaharibu."

Bibi alikuwa amesikiliza jambo moja tu. "Ndoo ikiwa tupu, nitalalaje?"

"Ya pili itakuwa na unga, bibi. Hamtakosa hata siku moja. Tofauti ni kwamba utakuwa unga unaolika."

Bibi alichukua fagio, akaanza kufagia uani kwa nguvu zisizo za umri wake.

Baba Pacha, fundi bomba, aliporudi kutoka kazini alikuta wanawake wawili wa maisha yake wamenuna, kila mmoja na pembe yake. Akasikiliza habari yote, akakuna kichwa.

"Basi tunyamaze. Watu watasahau."

"Watasahau?" Mama Pacha alimgeukia. "Mwenzetu anahesabu nzi dukani kwa sababu yangu! Kesho nakwenda kusema ukweli."

"Ukweli upi?" Bibi aliuliza kutoka pembe yake. "Kwamba mama mkwe wako ni mchafu? Kwamba ameficha uozo jikoni miaka yote? Nenda. Nianike, mtaa unicheke."

Hapo ndipo Mama Pacha alipokwama. Akimsafisha Mizani, anamchafua mama wa mumewe. Akimlinda mama, Mizani anafunga duka. Alikaa kwenye cherehani akavunja sindano, akatia nyingine, akaivunja nayo. Hasira ilikuwa haina tena pa kwenda, kwa kuwa aliyeufungua mdomo ni yeye.

Asubuhi alikwenda. Mizani alikuwa akiteremsha bidhaa kutoka rafuni na kuzipanga kwenye maboksi. Watu walikuwa wakipita barabarani kwenda kazini, na Mama Pacha akasimama pale pale walipomsikia akitukana.

"Sikilizeni! Unga wa Mizani ni mzima. Ule mbovu ulikuwa wa kwangu. Mimi ndiye sikuosha debe. Mimi ndiye mchafu, si mwingine."

"Nyamaza, mke wa mwanangu. Usinibebee debe langu."

Watu wakageuka. Bibi alikuwa anakuja polepole, kipande kile cha unga mbovu kikiwa kwenye sinia kichwani. Akakiteremsha, akakiweka juu ya kaunta.

"Tazameni. Hiki kimetoka ndani ya debe langu. Sheria ya kutoliosha ni yangu, si ya huyu. Na maneno kwamba Mizani anachanganya niliyasema mimi, kwa mdomo huu. Anayetaka kunicheka, anicheke sasa hivi nikiwa hapa, asisubiri nimpe mgongo."

Hakuna aliyecheka. Mizani alikitazama kile kipande, kisha akamtazama Bibi.

"Bibi, mmenimaliza. Watu niliowakopesha wakiwa na shida walikuwa wanavuka barabara wasikutane na macho yangu. Leo mnaniambia debe?"

"Nakuambia debe. Una haki ya kukasirika, mwanangu. Kasirika. Mimi sitaondoka hapa."

Hakuondoka kweli. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya duka, na kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kila apitaye aliambiwa habari ya debe, mwanzo hadi mwisho, na sheria ya Mama Stoo, atake asitake. Maboksi yakafunguliwa tena, bidhaa zikarudi rafuni. Nyumbani, Mama Pacha aliosha ndoo, akaianika, akachota wa zamani kabla ya mpya. Pacha walikunywa uji wao bila kukunja uso, na matumbo yakatulia.

Wanunuzi walirudi mmoja mmoja. Siku moja kijana fundi seremala alikuja akitaka unga, na Bibi akamdaka kabla hajafika kaunta.

"Wa zamani umeshakwisha?"

"Bado upo kidogo, bibi. Nitauchanganya tu."

"Utauchanganya! Rudi nyumbani. Uumalize kwanza, uoshe chombo, ukianike, ndipo uje."

Kijana akageuka, akaondoka zake. Mizani akapiga kaunta kwa kiganja.

"Bibi! Sasa unanifukuzia wateja!"

"Atarudi," alisema Bibi bila kumtazama. "Na akirudi, mpimie kama kawaida yako."