Wiki Moja ya Nyota Njema

Kompyuta ya Profesa ilikuwa imeibwa mezani pake, na kitasa cha mlango hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na hotuba aliyokusudia kuisoma kesho yake, kuhusu watu wanaotukana mtandaoni.

Sajini hakukawia. Katika kundi la mtandaoni la mtaa, mtu aitwaye Kidomo alikuwa ameandika juzi kwamba ataivunja ofisi ya Profesa. Tena Kidomo ni fundi vitasa. Kufikia mchana alikuwa mahabusu, na mama yake ameketi kwenye benchi la kituo, analia kimyakimya. Sajini alitaka apandishwe kizimbani asubuhi.

Inspekta, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alimpa yule mama maji ya kunywa. Kisha akaagiza maandishi ya Kidomo ya mwaka mzima.

"Afande, ya juzi hayatoshi?" Sajini akauliza.

"Baba, ukikutana na mtu siku anayoumwa jino, utasema alizaliwa amenuna."

Akavaa miwani, akasoma. Kila timu yake ilipofungwa, Kidomo alitishia kuvunja kitu: redio, milingoti ya goli, hata shingo ya refa. Kila Jumatatu aliomba radhi kwa utani. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini halivunji mlango.

Akamuuliza Profesa hotuba yenyewe ilimhusu nani hasa. Profesa akaeleza kwamba mfano wake mkuu ni mwanamke anayejiita Nyota Njema, aliyewalaani wauguzi wiki nzima kwa maneno ya kutisha. Maneno hayo tu ndiyo aliyoyakusanya. Na wauguzi walikuwa wamealikwa kuja kusikiliza.

Inspekta akarudi kwenye kundi, akamsoma Nyota Njema tangu mwanzo. Kwa miaka alikuwa wa kwanza kuwapa pole wafiwa na kuwapa hongera waliojifungua. Halafu ikaja ile wiki. Halafu kimya. Chini ya kila laana, mtu aliyejiita Muuguzi wa Watoto alikuwa amejibu, "Lia tu, mama." Majibu hayo Profesa hakuyachukua, kwa kuwa hayakuwa matusi.

Inspekta akaenda wodi ya watoto, kumtafuta yule aliyejibu. Muuguzi alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Mwishowe akauliza kama kuna mtu amefungwa kwa ajili ya jambo hili. Alipoambiwa yupo, akasema Nyota Njema ni wifi yake, karani wa Profesa. Alimtambua tangu siku ya kwanza, kwa jinsi alivyomtaja mtoto wake.

Karani alifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kompyuta ilikuwa kabatini, haikufutwa kitu.

"Uliingia kwa ufunguo wako?"

"Ndiyo, afande. Sikujua kama watamkamata mtu."

"Kwa nini, mwanangu?"

Karani alikaa kitandani.

"Nilimzika mtoto wangu, nikatafuta wa kumlaumu. Wifi ndiye aliyekuwa zamu. Baadaye nikaja kujua kwamba hata zamu yake ilipokwisha hakuondoka pale kitandani. Tangu hapo ananipikia, ananisuka nywele, nami namwangalia huku najua nilichoandika. Hotuba yenyewe niliichapa kwa mikono yangu. Profesa hajui kuwa ni mimi. Kesho wifi angekaa mstari wa mbele asikie."

"Angesikia nini?"

"Kwamba ndivyo nilivyo. Na mimi sivyo, afande. Ilikuwa ile wiki."

Inspekta hakutoa pingu. Alimwambia kesi ipo, wala hawezi kuificha, ila Kidomo atalala kwao leo. Halafu akamuuliza kama anamjua aliyekuwa akimjibu, "Lia tu, mama."

"Muuguzi fulani tu. Naye nilimtukana."

"Yuko nje, ndani ya gari langu. Amesoma yote siku zilezile ulizoyaandika. Anasema uvae sweta, kituoni kuna baridi."