Karatasi za Saa Kumi

Kila siku ya shule kengele ya mwisho ilipolia, Irankunda alifunga begi lake polepole, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumngoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu ahamie Kwihara kutoka Ulyankulu. Wenzake walitoka wawili wawili, watatu watatu, wakisukumana na kucheka. Yeye alishika peke yake ile njia ya zamani ya misafara, akapita makumbusho ambako wageni hushuka kwenye magari kupiga picha, mpaka kwenye zahanati. Huko ndiko mama yake, Mhandisi Jeska Ntakirutimana, alikokuwa akifanya kazi, na huko ndiko ulikokuwa mtambo.

Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la nguo, limewekwa kwenye banda nyuma ya zahanati. Ndani yake kulikuwa na sahani nyembamba za kauri zilizopangwa moja juu ya nyingine. Gesi iliyotokana na samadi ya ng'ombe ilipita upande mmoja wa sahani hizo, hewa ikapita upande wa pili, na katika joto la nyuzi mia saba umeme ukapatikana bila moto kuwaka. Umeme huo ndio uliowasha taa za chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo, hata siku ambazo umeme wa gridi ulikatika kutwa nzima.

Watu wa Kwihara waliusifu mtambo huo kwa sababu haukuwa na kelele. Irankunda hakuupenda kwa sababu hiyohiyo. Kule Ulyankulu jenereta la jirani lilinguruma mpaka bibi yake akajifunika kanga masikioni, lakini angalau mtu alijua kuna kitu kinaishi pale. Huu ulikaa kimya tu, ukitoa joto. Ukikaa nao saa nzima, unaanza kusikia pumzi zako mwenyewe.

Baba yake alikuwa amebaki Ulyankulu kumalizia msimu wa tumbaku, na Bibi Kankindi alibaki huko pia. Mama alikuwepo, lakini alikuwepo kama anavyokuwepo mtu mwenye kazi nyingi. Hata wakila ugali, macho yake yalikuwa kwenye simu, akiangalia namba za mtambo.

Irankunda naye alikuwa na kazi yake. Gesi ya samadi hunuka yai bovu, na harufu hiyo huletwa na salfa. Salfa ikifika kwenye sahani za kauri, sahani huishiwa nguvu. Kwa hiyo gesi ilipitishwa kwanza kwenye pipa lililojaa chenga za chuma zenye kutu, na kutu hiyo ikainasa salfa. Kutu nayo ina kikomo chake. Ikishajaa, hainasi tena.

Saa kumi jioni, mama alipokwenda kukoroga samadi kwenye zizi la kijiji, Irankunda alivaa glavu, akachukua kipande cha karatasi maalumu, akakilowesha kwa maji na kukiweka kwenye koki ndogo nje ya banda kwa dakika tano. Karatasi ikibaki nyeupe, gesi ni safi. Ikigeuka rangi ya kahawia, amwite mama mara moja. Baada ya hapo aliibandika karatasi kwenye daftari na kuandika tarehe. Kwa miezi miwili karatasi zote zilikuwa nyeupe.

Jumatatu moja, Julieth, msichana aliyekaa dawati la mbele yake, aligeuka nyuma.

"We Irankunda, tumepungukiwa na mtu kwenye rede. Utacheza?"

"Saa ngapi?"

"Saa kumi, hapo uwanjani. Usipokuja tunamchukua mtoto wa darasa la tano."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa darasa lile kumwita kwa jina. Saa kumi ilipofika, Irankunda alikuwa uwanjani, akiikwepa mipira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Walimpiga mpira mgongoni, walimpiga mguuni, na kila ulipompata alicheka. Alikuwa amesahau kwamba kupigwa mpira na wenzako ni jambo la furaha.

Alirudi zahanati saa kumi na moja na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Muda si mrefu mama angerudi kutoka zizini na kulifungua daftari. Irankunda aliitazama koki, akatazama ukurasa uliokuwa wazi. "Miezi miwili imekuwa nyeupe," alijiambia. "Na leo ingekuwa nyeupe tu." Akatoa karatasi mpya kwenye pakiti, akaibandika hivyohivyo bila kupima, akaandika tarehe.

Jumanne alifanya vilevile. Jumatano hakujiambia kitu, alibandika tu.

Alhamisi alipofika kutoka shule hakupata hata nafasi ya kufikiria rede. Nesi Godbless alikuwa anapanga chanjo kwenye boksi la barafu ili azipeleke mjini kwa pikipiki. Mama alikuwa amesimama mbele ya mtambo, simu mkononi, anazungumza na Mhandisi Omari, mkuu wake aliyeko Dar es Salaam. Sauti ilisikika mpaka mlangoni.

"Volti arobaini na moja," mama alisema. "Wiki iliyopita zilikuwa arobaini na nane."

"Daftari la gesi linasemaje?"

"Karatasi zote ni nyeupe."

"Basi gesi haina kosa. Sahani zimepasuka. Jeska, siku ile ya kuuwasha uliupandisha joto haraka mno."

"Nilifuata utaratibu, mkuu. Saa ishirini nzima."

"Vipimo havionyeshi hivyo. Kesho saa nne anza kuuzima. Tutaurudisha Dar."

Mama alikata simu, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Labda kweli niliharakisha," alisema, na hakuwa anamwambia mtu. "Labda nilisoma vibaya." Kisha akajifuta machozi kwa mkono wa ovaroli. Irankunda hakuwahi kumwona mama yake akilia, hata siku waliyoagana na Bibi Kankindi.

"Tutarudi Ulyankulu, mwanangu," mama alisema. "Kazi yetu hapa imekwisha."

Moyo wa Irankunda uliruka. Kurudi Ulyankulu! Aliuona ua wa nyumba yao, jiko la nje, bibi akichambua maharage na kumsimulia habari za watu wote wa mtaa. Huko asingeomba ruhusa ya kupigwa mpira. Na ili ayapate yote hayo, hakutakiwa kufanya kitu chochote. Alitakiwa kunyamaza tu. Aliona haya kwa kufurahi, lakini alifurahi, na haifai kuficha jambo hilo.

Wakati huohuo pikapu kuukuu iliingia uani. Alikuwa Mzee Darshan Champaklal, mwenye karakana ya kukereza vyuma mjini Tabora. Chenga za pipa zilitoka kwake. Alizitandaza nyuma ya karakana na kuzimwagilia maji kila asubuhi mpaka zipate kutu, na majirani walimtania kwamba analima mchicha wa chuma. Kila mwezi alileta magunia mawili.

"Shikamoo, babu," Irankunda alisema.

"Marahaba, mhandisi mdogo. Mbona leo hapa ni kama msibani?"

Mama alimweleza. Kisha akampa daftari. "Tazama mwenyewe, mzee. Chuma chako hakina lawama. Kosa ni langu."

Mzee Darshan alivaa miwani. Hakuzitazama karatasi tu, alizipapasa kwa kidole gumba, kama anavyopapasa chuma kilichotoka kukerezwa. Karatasi za wiki zilizopita zilikuwa na mikunjomikunjo, kwa sababu zilikuwa zimeloweshwa na kukauka. Kidole kikafika Jumatatu. Kikapita Jumanne na Jumatano. Kikarudi nyuma, kikapita tena. Karatasi hizo tatu zilikuwa laini, hazijawahi kugusa maji.

Alimtazama Irankunda juu ya miwani, na hakumkunjia uso. Akampa daftari, likiwa wazi.

"Ngoja nishushe magunia," alisema. "Magoti yangu ni mabovu, nitachukua muda mrefu."

Akatoka. Banda likawa kimya, mtambo ukitoa joto lake. Irankunda alitazama viatu vya mama, vimejaa samadi iliyokauka. Mtu huyu alikuwa anajilaumu kwa kosa ambalo hakulitenda, na waliojua hivyo walikuwa yeye na mzee aliyeko nje.

"Mama," alisema. "Hizi tatu sikupima. Nilikwenda kucheza rede."

Mama aliinua kichwa. "Unasema nini?"

"Nilibandika karatasi kavu. Jumatatu, Jumanne na jana."

Mama hakugomba. Aliinuka mbio, akachukua karatasi, akailowesha na kuiweka kwenye koki. Haikupita dakika moja ikageuka kahawia, kisha ikawa nyeusi ukingoni. Pipa lilikuwa limejaa salfa, na gesi chafu ilikuwa inapita moja kwa moja.

"Mzee Darshan," mama aliita, "lete hayo magunia."

Magoti ya mzee yalipona ghafla. Walijaza pipa la akiba, wakahamisha bomba, na kabla jua halijashuka gesi safi ilikuwa inaingia mtamboni. Mama alimpigia simu mkuu wake. "Tusiuzime mtambo, mkuu," alisema. "Vipimo vya siku tatu si vya kweli. Salfa ilipita. Sahani zikipata gesi safi, nyingi hurudiwa na nguvu. Kosa limetoka upande wangu." Maneno hayo ya mwisho yalimuuma Irankunda kuliko fimbo. Mkuu alikubali wangoje siku chache waone.

Mzee Darshan alipoondoka, mama alivuta ndoo ya pili na kumwonyesha mtoto akae.

"Kwa nini hukuniambia unataka kucheza?"

"Ulikuwa na mtambo."

Mama aliiweka simu mfukoni. "Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Sasa sikia la kwako. Ungeiacha Jumatatu bila karatasi, ningekugombeza, basi. Lakini nafasi tupu ingeniambia kwamba hakuna aliyepima, nami ningepima mwenyewe jioni ileile. Karatasi yako nyeupe iliniambia gesi ni safi. Nikaiamini. Mhandisi Omari akaiamini. Ndipo tukaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo, mpaka nikajitilia shaka mimi mwenyewe. Kipimo cha uongo ni kibaya kuliko kutopima kabisa. Siku usipopima, andika kwamba hukupima. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na umesema kabla sijauzima. Hilo nalo nimeliona."

Ijumaa volti zilikuwa arobaini na tatu. Shuleni Irankunda alimwambia Julieth kwamba atakuja uwanjani saa kumi na nusu, akimaliza kupima. Julieth alisema wameshampata mtoto wa darasa la tano, lakini mtoto mwenyewe ni mzito kukwepa, kwa hiyo wataona. Saa kumi Irankunda alisimama penye koki peke yake, akahesabu dakika tano, huku makelele ya uwanjani yakimfikia. Karatasi ilibaki nyeupe. Aliibandika ikiwa bado mbichi, kisha akaandika pembeni mwa zile tatu: *Sikupima.*

Jumamosi volti zilifika arobaini na sita. Jumapili, waliporudi kutoka misa, zilikuwa arobaini na saba, na hapo zikasimama. Arobaini na nane hazikurudi tena. Mama alisema zinatosha, na kwamba Nesi Godbless atarudisha chanjo kesho.

Siku hiyo alasiri Bibi Kankindi alipiga simu, kama kawaida yake ya Jumapili.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "nimesikia mtambo wenu umeharibika. Mnarudi lini nyumbani? Nimeshakutandikia mkeka wako."

Irankunda alitazama mlango wa banda. Mama alikuwa ameketi hapo nje, simu yake ameiacha ndani, anamngojea waende wote kutembea.

"Haturudi, bibi," alisema. "Mtambo umepona."