Chafya ya Mtoto wa Jepkemei

Mtoto alipiga chafya wakati hajaitwa mfu yeyote. Balaa liliingilia hapo, wala si mlangoni.

Kule Lanet, Kogo Chepkemboi alikuwa amempakata mjukuu wake mchanga, ugoro kidogo puani pa mtoto, akiita majina ya wafu wa ukoo. Ndivyo Wakalenjin wanavyofanya, hata walokole: likiitwa jina mtoto akapiga chafya, basi mfu huyo amekubali kurudi. Sasa Jepkemei, mama mtu, badala ya kutulia kama wazazi wenzake, alikuwa kitandani na simu, akikariri Kisumeri. Ndiyo, Kisumeri, lugha iliyokufa kabla ya Musa! Ati ana mtihani wa kozi ya mtandaoni. *Ama*, mama. *Ninda*, mkate. *Gidim*, mzimu.

Chafya!

Kogo alikuwa amenyamaza kuvuta pumzi. "Wewe, umeita nani?"

"Nasoma tu, Kogo."

"Nimekuuliza umeita nani!"

Tangu siku hiyo mtoto hakulia tena. Chumba kilinuka tope bichi, na ilikuwa kiangazi. Mchana mmoja, jua likiwaka dirishani, sauti ya mzee, kavu, ya kukwaruza, ikatoka kitandani kwa mtoto: "Ama. Ninda." Jepkemei alielewa, na hicho ndicho kilichomtesa, kwa sababu mumewe Bethwel alisikia mtoto akikoroma tu, na pasta aliomba mpaka shati likalowa asisikie kitu, lakini yeye alisikia kila neno, kila kitenzi kikija mwisho wa sentensi vilevile alivyofundishwa, huku mtoto akikataa ziwa na mbavu zikianza kuhesabika.

"Kogo, atanifia," alinong'ona.

"Ulimwita kwa lugha yake. Mfukuze kwa hiyo hiyo, halafu niite wetu."

Jepkemei akainama. "*Gena!*" Nenda!

Harufu ikakatika. Macho ya mtoto yakabaki wazi, hayamtazami mtu. Kogo akapaka ugoro haraka, akamwita mama yake, akamwita baba yake, akawaita kaka zake waliofia vitani, na walipokwisha wema akaanza kuwaita hata wale wasiotajwa, mwizi wa ng'ombe, yule aliyejinyonga, na mtoto alizidi kuwa baridi mikononi mwake, pumzi moja ikija, nyingine ikichelewa.

"Rudia, Kogo! Tafadhali!"

"Nimerudia. Hakuna anayetaka kuingia alimotoka yule." Kogo akafuta vidole kwenye leso, asimwangalie. "Mwite."

"Nani?"

"Unamjua. Au nimwambie Bethwel achimbe kaburi?"

Uwii, Mungu wangu! Jepkemei alilia mpaka sauti ikaisha. Kisha akaita.

Chafya.

Bethwel aliingia mbio. "Amekubali jina?"

"La baba yangu," Kogo akadanganya, macho makavu.

"Asante Yesu!" Bethwel akamnyakua mwanawe, akamkumbatia shavu kwa shavu, naye mtoto akamkoromea sikioni, muda mrefu, kwa upole.

"Sikia anavyoniongelesha!" Bethwel akacheka. "Anasema nini, mama yake?"

Mtoto alikuwa akisema kwamba ndugu zake ni wengi huko chini, wote wana njaa, na mama atawazaa mmoja mmoja mpaka waishe.