Seva Iliyonukia Udi

Boksi lilikuwa bado na mkanda wa kiwandani, halijaguswa, na Jefwa alipolikata kwa kisu ikatoka harufu ya udi.

"Kumbe kiwandani nako kuna harusi?" Jefwa akacheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa hospitali.

Fauzia hakucheka. Alikuwa mkuu wa ununuzi wa kompyuta katika hospitali hiyo ya serikali, huku upande wa Msambweni, na kazi hiyo ilikuwa imemkausha kicheko. Seva hii, mtambo wa kuhifadhi habari za wagonjwa wote, aliihangaikia miaka. Zabuni ya kwanza ilifutwa kwa sababu mtu fulani alinakili masharti ya nchi za watu, yakataka mtambo unaostahimili theluji. Theluji, Msambweni! Ya pili ilikatiwa rufaa. Ya tatu ilileta nyaya zisizoingia popote. Na kila mkutano bosi alimwuliza yeye, mbele za watu, kwa nini wagonjwa bado wanasukumana kwenye foleni.

Ndiyo maana Boga, mfanyabiashara aliyeshinda zabuni ya mwisho, alipofika na lori lake siku ya mwisho wa Juni, Fauzia hakuingoja kamati ya ukaguzi. Mwaka wa serikali ulikuwa unafungwa, na kisichopokelewa siku ile kingeanza upya kama hakikuwahi kuombwa. Boga alikuwa na ombi moja tu.

"Weka mkono juu yake, Bi Fauzia, useme umeipokea, na vyote vilivyomo."

Mtu yeyote wa Pwani angeshtuka. Fauzia mwenyewe nyanya yake alimfunza kwamba kitu cha mtu hakipokelewi hivi hivi. Kwanza bismillahi, kisha uulize ndani mna nini. Lakini Fauzia alikuwa amechoka, mimba ilimwelemea, na haraka haraka haina baraka ni maneno ya watu wasiofungiwa mwaka. Akaweka mkono.

"Nimeipokea, na vyote vilivyomo. Haya, shusheni."

Boga akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Spika za barazani zikaanza kuita wagonjwa kwa majina, kwa sauti ya kike yenye adabu, na foleni ikaisha. Bosi hata alimpongeza. Ila chumba cha seva, ambacho hupoozwa mpaka meno yagongane, kilikuwa na joto la kitanda alichokiacha mtu sasa hivi. Na harufu ya udi haikutoka.

Siku moja, jua la utosi, Jefwa alimjia ofisini akihema.

"Nimeizima, Bi Fauzia. Nimechomoa na waya. Bado inavuma."

Wakaenda wakasimama mlangoni. Ilikuwa inavuma kweli, na chini ya ule mvumo palikuwa na sauti ya mwanamke anayembembeleza mtoto.

"Unamsikia?" Jefwa akanong'ona.

"Nyamaza," alisema Fauzia.

Jioni ile ghala ya damu, iliyopakana na chumba hicho, ilikutwa na mifuko mitupu, na vifuniko vyake havijaguswa. Fauzia alikaa chini palepale sakafuni. Mimba zake za nyuma zote ziliharibika. Hii ya sasa ilikuwa imefika mbali, na daktari alikwishamwambia kwamba siku ya kujifungua bila damu hatapona, wala yeye wala mtoto.

Akampigia Boga simu.

"Mke wangu amejifungua salama," alisema Boga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona. "Wa kwanza kuishi. Jini yule alinitajirisha, Bi Fauzia, lakini alinilia wanangu. Nisamehe."

"Njoo umchukue!"

"Mali ikishapokelewa hairudi. Si sheria yenu hiyo?" Akakata.

Fauzia akaenda kwa bosi kuomba mtambo uondolewe. Bosi akasema mtambo wa serikali hauondolewi bila kamati, na kamati haikai bila sababu inayoeleweka. Fauzia alitoka akilia kwa hasira. Hospitali nzima haiwezi kununua balbu bila saini za wakubwa wote, na jini aliingia kwa neno moja!

Basi akamwita Bi Mishi, mganga wa Majoreni, aliyefika alasiri na chetezo cha kufukizia ubani ndani ya kikapu.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Alipokewa kwa ulimi, atakataliwa kwa ulimi. Atauliza nani aliyempokea. Wewe sema, ni mimi, na ninakukataa. Usimtie mtu mwingine."

"Na mwanangu tumboni?"

"Ukisimama kwenye neno lako hamgusi. Humshika anayekimbia."

Wakajifungia katika chumba cha seva. Bi Mishi akatia ubani makaani, akaanza kumwita, na jua lilipokuwa linazama mvumo ukapanda, ukuta ukatoa jasho, harufu ya udi ikageuka ikawa ya damu ya uzazi, na ile sauti ya kubembeleza ikasogea karibu, karibu zaidi, mpaka Fauzia akahisi pumzi ya moto shingoni na kitu mfano wa kiganja kikipapasa tumbo lake taratibu, kama anayetafuta kichwa cha mtoto kiko wapi.

"Nani alinipokea?"

Fauzia alilijua jibu. Lakini kiganja kilikuwa juu ya mwanawe, naye kwa miaka yote ya rufaa na mikutano alikuwa amezoea jibu moja la kujiokoa, na ndilo lililomtoka.

"Si mimi! Nilipokea kwa niaba ya umma!"

Kiganja kikaondoka. Mvumo ukakatika, na ubaridi ukarudi chumbani. Fauzia akacheka huku akilia.

"Ameondoka! Bi Mishi, ameondoka!"

Bi Mishi alikuwa ameweka chetezo chini.

"Umemgawia watu wote, mwanangu. Nami sina uganga wa watu wote."

Barazani spika zikaanza kuita. Zilimwita mtu wa Mwabungo, wa Vanga, wa Ukunda, jina baada ya jina bila kupumzika, kila aliyewahi kuandikishwa pale, na waliokuwa kwenye mabenchi wakainuka wakiitikia kwa furaha kwamba zamu yao imefika mapema. Fauzia alisikia jina lake pia. Naye alikuwa akihudhuria kliniki hapohapo, naye ni umma.

Kisha ile sauti yenye adabu ikaita, "Yusra."

Hilo ndilo jina alilomchagulia mwanawe, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Tumboni mtoto akageuka, akaelekea spika ilipo.