Apendi wa Ngazini

Mwanamke yule wa ngazini hakuwahi kugeuka. Oketcho aliijua filamu ile nje ndani: jumba kuukuu la Wazungu, mishumaa, popo, na bibi wa gauni jeupe anayepanda ngazi akiwapa watu mgongo. Mchana ule, mbele ya kibanda kizima cha video pale Busia, akageuka.

Kazi ya Oketcho ilikuwa kutafsiri filamu papo kwa papo, maiki mkononi. Sauti yake ndiyo iliyokuwa jembe lake. Na Busia, ukitaka kibanda kijae, weka jumba bovu lenye mzimu! Watu wazima na akili zao, madereva wa malori na wauza mitumba, wanakuja kutetemeshwa, kisha wanatoka wanacheka. Hofu ni tamu ukijua mlango uko wapi.

Ili mambo yanoge, aliwapa wahusika majina ya nyumbani. Siku hiyo ulimi ukamponza. "Apendi!" alilia kwenye maiki. "Apendi, rudi!" Apendi alikuwa dada yake, aliyezikwa kijijini Mulanda mwaka uliopita, na matanga yake ya mwisho hayakuwa yamefanywa kwa sababu Oketcho kila siku ana kazi. Kwao, kabla ya matanga hayo, marehemu haitwi kwa jina. Ndipo bibi wa ngazini akageuka, akiwa na uso wa Apendi, na kibanda kikanuka udongo mbichi. Watu wakapiga mayowe ya furaha.

Wakati wa mapumziko alimpigia simu shangazi yake, Proscovia. "Senge, nimemwita yule."

Proscovia akashusha sauti: "Kwa mdomo wako?"

"Kwa spika."

"Mungu wangu! Njoo nyumbani sasa hivi tummalizie matanga. Na usitafsiri tena, mwanangu. Aliyeitwa akiitikia, anakaa palepale alipoitiwa. Kooni kwako."

Mlangoni akakutana na Wanjala, mwenye kibanda. "Unaenda wapi, bwana? Watu wamejaa mpaka nje!"

"Yule mama amegeuka, Wanjala," alinong'ona.

"Si ndiyo utamu wenyewe? Maliza hii tu, halafu uende."

Oketcho, mpenda makofi yule, akaketi. Aliapa kimoyomoyo kwamba hatalitaja jina, lakini alipofungua mdomo koo likajaa ladha ya udongo, na maiki ikamponyoka ikaanguka, na bado kwenye spika sauti ya kike ikaendelea kusimulia, taratibu, habari za nyumba yenye giza na baridi ambamo mtu hulala akisikiliza nduguze wakipita juu na hawasimami. Akajishika koo, akawaonyesha watu mlango, tokeni, tokeni!

"Leo anaigiza kabisa!" akashangilia Wilkister, muuza karanga, na akaufunga mlango ili mwanga usiharibu raha.

"Ahsanteni," ikasema sauti. "Sasa niiteni ninyi."

Na kibanda kizima, kwa vicheko na vigelegele, kikaita: "Apendi!"

Oketcho peke yake hakuita. Hakuwa tena na sauti ya kuitia.