Mbaazi za Nazi Hazilali Gesti

Dhahabu ni fundi wa nguo. Anaishi Vanga, karibu na mpaka. Cherehani yake iko barazani, na mguu wake hautulii. Asubuhi hupinda leso. Mchana hutia viraka suruali za watu. Jioni hushona magauni ya harusi. Vanga nzima inamwita fundi. Serikali tu ndiyo ilikuwa haijamwita hivyo.

Shule ya msingi ya pale ilitaka mtu wa kushona sare za watoto. Dhahabu akaenda kuomba kazi.

"Mama Jalila," mwalimu mkuu alimwambia, "kazi yako naijua. Hata kanzu hii niliyovaa umeishona wewe. Lakini bila cheti siwezi kukupa."

"Cheti hicho nitakileta," Dhahabu akasema. "Wallahi nitakileta."

Na Dhahabu akishaapa, mpisheni njia apite.

Cheti hupatikana kwa mtihani. Mwaka huo mtihani ulikuwa Likoni, asubuhi tatu mfululizo, Jumatatu mpaka Jumatano. Vanga ni mbali. Mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku. Basi Dhahabu alipanga kulala gesti. Mumewe, Mwinyihaji, alisema atafuatana naye. Binti yao Jalila, wa miaka sita, naye akasema haachwi.

Mwinyihaji ni muuza nazi. Hilo mlikumbuke, maana litakuja kumuaibisha.

Jumapili mchana, mama yake Mwinyihaji, Bi Zuleikha, aliingia jikoni. Akapika mbaazi za nazi, tui zito kabisa. Akachoma mahamri. Mbaazi alizitia kwenye hotpoti kubwa yenye maua, ile inayotunza joto.

"Mtazila usiku, na asubuhi mtafungulia kinywa," alisema. "Mtoto wangu haendi ugenini akahangaika kutafuta chai kama mtu asiye na kwao."

"Ahsante, mama," alisema Dhahabu. Akabusu mkono wa mkwewe. Safari ikaanza.

Walifika Likoni jioni. Gesti ilikuwa ndogo na safi. Walipewa chumba namba sita. Mfanyakazi wa gesti alikuwa Milcah, mwanamke wa bara aliyekaa Likoni miaka kumi na miwili. Aliwaonyesha kitanda, choo na bomba.

"Hapa hatupiki chakula," aliwaambia. "Na chumbani hakuna kuwasha moto. Mkitaka kitu, niiteni."

"Sisi chakula tunacho," alisema Mwinyihaji. Akaipapasa hotpoti.

Wakala mbaazi na mahamri. Mbaazi zilikuwa bado za moto. Zikabaki nusu. Mwinyihaji akafunika hotpoti, akaiweka chini ya meza. Chumba kilikuwa na joto. Wakalala.

Alfajiri, baada ya kusali, Mwinyihaji alifunua hotpoti. Dhahabu alikuwa anapanga sindano na mkasi wake. Akanusa.

"Baba Jalila, mbona zina harufu? Hazijachacha hizo?"

"Hiyo ni harufu ya nazi."

"Mbona jana haikuwa hivyo?"

"Mama Jalila! Mimi nauza nazi mwaka wa kumi na tano. Utanifunza nazi wewe?"

"Zitupe tu. Tutanunua mkate."

Mwinyihaji alikasirika kweli. "Nitupe chakula cha mama yangu? Amesimama jikoni mchana kutwa! Chakula cha mama hakitupwi."

Akala. Tena akala sana, ili kuonyesha kwamba yuko sawa. Jalila naye akala vijiko vitatu. Dhahabu hakula. Harufu ilimkaa puani. Alisema atanunua chai njiani.

Saa moja, Dhahabu alikuwa ameshavaa buibui na kushika mkoba. Jalila akaita, "Mama!"

Kabla Dhahabu hajageuka, mtoto alitapika sakafuni. Akatapika tena kitandani. Mwinyihaji alitaka kumshika, lakini yeye mwenyewe akashika tumbo na kukimbilia chooni. Huko akakaa.

"Milcah!" Dhahabu alipiga kelele. "Jamani, Milcah!"

Milcah alikuja na ndoo na tambara. Aliona mtoto, akaona hotpoti wazi mezani. Hakuuliza maswali mengi.

"Mtihani wako saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini siendi. Nitamwachaje mtoto hivi?"

"Utaenda," alisema Milcah. "Kwanza tumpe maji." Alitoa pakiti ya dawa ya maji ya chumvi na sukari, ile inayotolewa zahanati na dukani kwa mtu anayetapika au kuharisha. Akaichanganya kwa maji safi yaliyochemshwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. "Mpe kidogo kidogo, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, mpe tena. Akishindwa kabisa kunywa, au akilegea, au ukiona damu chooni, hapo ni hospitali bila kungoja. Zahanati iko hapa nyuma."

Walikaa naye. Jalila akanywa kijiko cha kwanza, cha pili, cha tano. Yalikaa tumboni. Akafungua macho, akasema, "Mama, utachelewa."

Mwinyihaji alitoka chooni, kashika ukuta. "Nenda, mke wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamwangalia. Kosa ni langu."

Dhahabu alikwenda mbio. Chai hakunywa. Alifika saa mbili kasoro dakika moja. Jasho linamtoka, tumbo tupu, mawazo yako chumba namba sita.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kukata na kushona shati. Ni kazi anayoweza kuifanya akiwa amefumba macho. Lakini saa nne mikono ilianza kumtetemeka. Saa tano kichwa kilikuwa kinazunguka. Saa saba, msimamizi wa mtihani, Bwana Kimani, alilishika shati lake, akalitazama mbele na nyuma.

"Mama," alisema polepole, "shati hili ni la mtu gani?"

Dhahabu akatazama. Alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto.

Watu wengine walicheka. Bwana Kimani hakucheka. "Leo umepoteza alama nyingi," alisema. "Lakini mshono wako ni mzuri. Zimebaki siku mbili. Ukifanya vizuri zote mbili, unaweza kupita. Ukikosea tena, basi."

Dhahabu alirudi gesti akilia njia nzima, lakini mlangoni aliyafuta machozi. Jalila alikuwa amekaa kitandani, anacheza na vifungo. Kutapika kumekoma. Mwinyihaji alikuwa amelala chali, macho yameingia ndani.

"Nimeshona mikono miwili ya kushoto," Dhahabu alisema. "Mimi! Fundi mimi! Sasa sikilizeni. Vanga sirudi bila cheti. Kesho lazima niingie kwenye chumba kile nimeshiba, na nyinyi muwe wazima. Tufanyeje?"

Mwinyihaji alijiinua. "Nimeshafikiri. Nitaazima jiko dogo na makaa. Nitawasha hapa hapa chumbani alfajiri, nikupikie uji."

Milcah alikuwa anapiga deki mlangoni. Aliacha kazi yake hapo hapo.

"Baba Jalila, unataka kuwaua watu wako? Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Haionekani, hainuki. Mtu hulala moja kwa moja. Moto chumbani, hapana!"

"Basi tule nini?" Mwinyihaji aliuliza. "Hotpoti nayo imetutenda."

"Hotpoti haina kosa," alisema Milcah. Akaketi kwenye kiti. "Hotpoti inaweka joto saa chache tu. Baadaye chakula kinakuwa vuguvugu. Na vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda. Wanazaana humo usiku kucha. Chakula chenye nazi, maziwa, nyama au maharage hakitaki kulala nje ya friji. Hasa joto hili letu la Mombasa."

"Kama tungezichemsha tena asubuhi?" aliuliza Dhahabu.

"Vijidudu wangekufa, lakini sumu waliyoitoa huenda ingebaki. Chakula kama hicho hutupwa tu. Mbaazi za nazi hazilali gesti, mama."

Dhahabu alimgeukia mumewe. "Muuza nazi, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mwinyihaji. "Tui nikiliacha kwenye bakuli toka asubuhi, jioni limeharibika. Najua. Kila siku nawaambia wateja. Nilijua, ila... chakula cha mama."

"Mama hakukutuma ule kilichochacha," alisema Dhahabu. Lakini sauti yake ilikuwa imepoa.

"Na mahamri je?" aliuliza Jalila. "Nayo tutupe?"

Milcah akacheka. "Mahamri matupu hayana shida. Yakishapoa, yafungwe kwa kitambaa safi. Yanalala usiku mmoja vizuri. Twende dukani, niwaonyeshe. Kufungua kinywa chumbani si lazima upike."

Mwinyihaji ndiye aliyekwenda naye. Alitembea taratibu kama bibi harusi, kwa ajili ya tumbo. Milcah alimwonyesha mkate, akamfundisha kutazama tarehe kwenye karatasi. Alimchagulia ndizi mbivu na machungwa. "Tunda lenye ganda lake ndilo zuri safarini. Unaosha mikono, unamenya, unakula." Alichukua kopo dogo la siagi ya njugu. "Hii inashibisha, na haihitaji friji." Kisha maziwa ya pakiti ndogo, yale yanayokaa dukani bila kupoa.

"Usinunue pakiti kubwa," alimwambia. "Ukishafungua, mnywe mumalize. Yakibaki, hayangoji kesho."

"Na tende?" Mwinyihaji aliuliza.

"Tende! Sasa unaongea. Tende ni rafiki wa msafiri."

"Na chai? Mimi mtu wa pwani, bila chai sina macho."

"Maji ya moto nitawapa alfajiri kwenye chupa. Mtatia majani na sukari wenyewe, na maziwa mtatia kikombeni, wakati wa kunywa. Chai ya maziwa msiitengeneze usiku mkailaza. Na mkitaka mayai ya kuchemsha, mnunue asubuhi yakiwa ya moto, mle hapo hapo."

Jioni hiyo Mwinyihaji aliosha vikombe, kisu na sahani kwa sabuni. Akavipanga juu ya kitambaa safi na kuvifunika. Vyakula vyote alivitia kwenye mfuko, akaufunga vizuri.

"Unaufunga kama hazina," alisema Dhahabu.

"Mende wa Likoni siwajui tabia," alijibu mumewe.

Jumanne alfajiri, Mwinyihaji aliamka wa kwanza. Alinawa mikono kwa sabuni. Akapaka siagi ya njugu kwenye mkate, akamenya ndizi, akatia chai. Kwa ajili ya tumbo lake na la Jalila aliweka mkate mtupu na ndizi tu.

"Mama Jalila, karibu," aliita. "Hoteli yetu imefunguliwa."

Dhahabu alikula mkate vipande vitatu, ndizi moja na tende tano. Akanywa chai yenye maziwa. Tende nyingine akatia mkobani.

"Ongeza," alisema Mwinyihaji.

"Nimeshiba, baba. Nikiongeza nitasinzia."

Siku hiyo alishona kola na vitundu vya vifungo. Saa nne alikula tende mbili, akanywa maji. Bwana Kimani alipita, akasimama, akapima kwa futi. Akaandika.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho, na kazi ngumu kuliko zote: gauni zima la sare ya shule, lenye zipu na marinda. Dhahabu alikuwa amekula mahamri ya dukani, yai la moto na chungwa. Alipofika kwenye mikono ya gauni, aliacha mkasi. Akauweka mkono wa kulia mezani. Akauweka wa kushoto. Akaitazama mara tatu, akataja kwa sauti, "Kulia. Kushoto." Jirani yake alidhani amerukwa na akili. Shauri yake.

Bwana Kimani aliligeuza gauni nje na ndani. "Mama, leo mikono haikutetemeka," alisema.

"Leo nimekula," alijibu Dhahabu.

Waliporudi Vanga, kazi ya kumwambia Bi Zuleikha ilikuwa ya Mwinyihaji. Alikaa mkekani mbele ya mama yake, akasema yote, bila kuficha. Bi Zuleikha alisimama.

"Mbaazi zangu? Tangu niolewe hazijamdhuru mtu!"

"Samahani, mama," alisema Dhahabu kwa upole, akaketi karibu naye. "Mbaazi zako Jumapili zilikuwa tamu mno. Hata mimi niliramba vidole. Sisi ndio tuliozilaza. Mbaazi hazikukosa, ni sisi."

Bi Zuleikha akaingia chumbani kwake. Siku mbili hakumpikia mwanawe. Lakini Jalila alikwenda kumwelezea bibi yake habari za vijidudu, kwa mikono na kwa macho. Siku ya tatu, Bi Zuleikha mwenyewe alimwaga kiporo cha mchuzi wa nazi kilichobaki tangu jana, akasema, "Vijidudu, tokeni jikoni kwangu!"

Majibu yalichukua wiki saba. Ujumbe uliingia kwenye simu Dhahabu akiwa anapinda leso. Alisoma mara mbili. Kisha akampa mumewe asome, maana macho yake yalijaa machozi. Amepita. Kwa alama nne tu juu ya kiwango, lakini amepita.

"Wallahi nilisema nitakileta!" alipiga kelele. Majirani wakatoka. Vigelegele vikasikika mpaka kwa mwalimu mkuu, naye alikuja kwa miguu kuleta vipimo vya watoto mia moja na arobaini.

Cheti chenyewe kilitakiwa kwenda kuchukuliwa Likoni, na kulala huko siku moja. Asubuhi ya safari, Dhahabu alimkuta Bi Zuleikha mlangoni na kikapu. Ndani mlikuwa na mahamri matupu, yamepoa, yamefungwa kwa kitambaa cheupe. Mlikuwa na tende, njugu za kukaanga na ndizi. Hotpoti yenye maua haikuwamo.

"Mama, na mbaazi?" Mwinyihaji alitania.

"Mbaazi ziko jikoni, sijazitia hata kwenye maji," alisema Bi Zuleikha. "Nitazipika siku mtakayorudi. Leteni cheti kwanza."